Baraza la Kutunga Sheria na Haki ya Kuiuliza Serikali



Katika mazungumzo yetu ya leo tumeazimia kunena habari ya jambo moja la utawala ambalo watu wengi hulisikia likitajwa, lakini ni wachache walioelezwa sababu yake. Jambo lenyewe ni haki iliyo nayo baraza la kutunga sheria ya kuichunguza serikali: kuwaita mawaziri na maofisa, kuwauliza maswali chini ya kiapo, na kuwataka waonyeshe hati na vitabu vyao vya hesabu. Kwanza tutaeleza maana ya haki hiyo. Kisha tutasimulia kisa kilichotokea Marekani kati ya mwaka 1921 na mwaka 1931, kwa kuwa kisa hicho chaonyesha mambo wazi kuliko maelezo matupu. Mwisho tutataja mipaka yake, maana hata haki njema ikivuka mpaka hugeuka kuwa dhuluma.

Na tuanze kwa mfano ulio karibu nasi. Ndugu kumi wamerithi shamba la minazi. Hawawezi wote kukaa shambani, basi wameweka msimamizi, wakampa madaraka ya kuajiri wakwezi, kuuza nazi na mbata, na kulipa gharama. Kila mwaka ndugu hao hukutana, wakapanga kanuni za shamba na fedha za matumizi. Msimamizi naye huja na maneno yake: mwaka huu mvua zilikuwa haba, wezi walikuwa wengi, bei ya mbata imeanguka. Pengine asema kweli, pengine sivyo. Je, ndugu wale watajuaje? Ikiwa hawana ruhusa ya kuhesabu minazi, wala kumwuliza mkwezi ameangua nazi ngapi, wala kumtaka mnunuzi aonyeshe stakabadhi, mkutano wao ni bure. Watapanga kanuni gizani, na fedha watazitoa kama mtu atiaye maji katika pakacha.

Hali ya nchi ni kama hali ya shamba hilo. Katika nchi nyingi kazi ya utawala imegawanywa sehemu tatu. Liko baraza la wajumbe wa raia, ambalo hutunga sheria na kukubali matumizi ya fedha za kodi. Iko serikali yenyewe, yaani rais au waziri mkuu, mawaziri na maofisa wote, ambao huzitekeleza sheria hizo na kuzitumia fedha hizo. Na ziko mahakama, ambazo huamua mashauri. Sehemu ya pili ndiyo yenye nguvu za kila siku: yashika funguo za hazina, yaamrisha askari, yaandika mikataba, yahifadhi majalada. Baraza halina askari wengi wala hazina. Silaha yake kubwa ni swali. Lakini swali lisilolazimisha jibu ni sawa na panga la mti. Kwa hiyo mabaraza yamejipatia uwezo wa kupeleka samansi, na kumwadhibu mtu akaidiye kuja au kukataa kujibu.

Desturi hii ilikua Uingereza kwa muda wa karne nyingi. Katika mwezi wa Januari mwaka 1855, wakati wa vita vya Crimea, habari zilipofika London kwamba askari walikuwa wakifa kwa baridi na maradhi kwa kukosa nguo, chakula na waganga, mjumbe mmoja, John Arthur Roebuck, aliomba Bunge lichague halmashauri, yaani kamati, ya kuchunguza jambo hilo. Serikali ilipinga. Kura zilipohesabiwa, wajumbe 305 walitaka uchunguzi na 148 waliukataa, na waziri mkuu, Lord Aberdeen, akajiuzulu.

Wamarekani, waliokuwa zamani chini ya Uingereza, waliichukua desturi hiyo pamoja nao. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 haina hata sentensi moja isemayo wazi kwamba baraza lao, liitwalo Congress, lina haki ya kuichunguza serikali. Lakini haikupita miaka mitano haki hiyo ikatumika. Tarehe 4 Novemba 1791 jeshi la Marekani chini ya Jenerali Arthur St. Clair lilishindwa vibaya na wenyeji wa nchi, Wamiami, Washawnee na wenzao, waliokuwa wakiilinda ardhi yao karibu na mto Wabash. Askari zaidi ya 600 waliuawa. Mwezi wa Machi mwaka 1792 Baraza la Wawakilishi lilichagua halmashauri ya kutafuta sababu, likaipa ruhusa ya kuita watu na kutaka hati. Rais George Washington aliwakusanya mawaziri wake kushauriana, kwa kuwa alijua kwamba atakalolitenda yeye litakuwa mfano kwa marais watakaomfuata. Wakakubaliana kwamba baraza lina haki ya kuuliza, na kwamba rais atoe hati zote, isipokuwa zile ambazo kuzitangaza kungeidhuru nchi. Washington alizitoa. Halmashauri ikaona kwamba kosa kubwa halikuwa la jenerali, bali la wale waliopewa kazi ya kulilisha na kulivika jeshi. Angalieni basi: uchunguzi haukumpata na hatia mtu aliyedhaniwa na wengi, bali ulimsafisha. Hiyo nayo ni faida ya kuuliza.

Sasa tuje kwenye kisa chetu chenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, manowari za Marekani zilianza kuacha kutumia makaa ya mawe, zikatumia mafuta. Serikali ikaona ni busara kuweka akiba, ili siku ya vita manowari zisikose mafuta. Kwa hiyo mashamba matatu ya mafuta yaliyo katika ardhi ya umma yalitengwa: mawili ya California, Elk Hills na Buena Vista, mwaka 1912, na la tatu katika Wyoming, mwaka 1915. Hilo la tatu liliitwa Teapot Dome, kwa sababu ya mwamba uliokuwa karibu ulioshabihi birika la chai. Mafuta hayo hayakuwa mali ya rais wala ya waziri; yalikuwa amana ya taifa zima.

Mwaka 1921 Warren Harding alikuwa rais. Waziri aliyesimamia ardhi za umma alikuwa Albert Fall, mtu wa New Mexico, ambaye hapo kwanza alikuwa Seneta. Fall alimshawishi Waziri wa Manowari na rais, na mashamba yale yakahamishwa kutoka mikono ya watu wa manowari yakawekwa chini yake yeye. Mwezi wa Aprili mwaka 1922 aliikodisha Teapot Dome yote kwa kampuni ya tajiri mmoja aitwaye Harry Sinclair, na ile ya Elk Hills ikaenda kwa kampuni ya tajiri mwingine, Edward Doheny. Jambo la Sinclair lilifanywa kwa siri, pasipo kutangaza wala kuwapa wengine nafasi ya kushindana kwa bei.

Siri haikukaa. Mwenyeji mmoja wa Wyoming, mtu wa biashara ya mafuta, alimwandikia barua Seneta wake, John Kendrick, akauliza imekuwaje mali ya umma ikodishwe bila mashindano. Kendrick akauliza serikalini. Magazeti nayo yakaandika. Seneti ikaazimia ichunguze. Halmashauri ilikuwa na wajumbe wa vyama vyote viwili, nayo kazi ya kuuliza maswali akapewa Seneta Thomas Walsh wa Montana, mwanasheria, mtu wa chama kisichokuwa na serikali.

Serikali ilileta hati maelfu kwa maelfu. Wengine wangekata tamaa kwa kuziona tu. Walsh alizisoma. Tangu azimio la Seneti mpaka siku ya kuanza kusikiliza mashahidi, mwezi wa Oktoba mwaka 1923, ilipita miezi 18. Wakati huo Fall alikuwa amekwisha kuacha uwaziri, na Rais Harding alikuwa amefariki. Wengi walidhani jambo limekwisha. Magazeti kadha yaliwashutumu wachunguzi kwamba wanaharibu sifa za watu kwa ajili ya siasa.

Hapo likatokea jambo dogo. Mashahidi kutoka New Mexico walieleza kwamba Fall, aliyekuwa na dhiki ya fedha hata kodi ya shamba lake ilikuwa haijalipwa kwa miaka, ghafula alilipa madeni, akaongeza ardhi, na kulitengeneza shamba lake. Halmashauri ikauliza: fedha zimetoka wapi? Fall akaandika kwamba alikopeshwa dola 100,000 na rafiki yake Edward McLean, mwenye gazeti katika mji wa Washington. McLean naye alikuwa Palm Beach, Florida, na ikasemwa kwamba ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Basi Walsh akapanda gari la moshi akamfuata huko huko, mwezi wa Januari mwaka 1924. Alipoulizwa chini ya kiapo, McLean akakiri kwamba alimpa Fall hundi, lakini Fall alizirudisha bila kuzitumia. Wahenga walisema kweli: njia ya mwongo ni fupi.

Siku chache baadaye Doheny mwenyewe alifika mbele ya halmashauri, akasema kwamba zile dola 100,000 alizitoa yeye, zikapelekwa na mwanawe, fedha taslimu, ndani ya mfuko mdogo mweusi. Aliziita mkopo. Baadaye ikajulikana pia kwamba Sinclair alimpa Fall hati za mkopo wa serikali zenye thamani ya zaidi ya dola 200,000. Fall alipoitwa tena alikataa kujibu, akitumia haki aliyopewa na katiba ya kutojishuhudia mwenyewe katika jinai.

Yaliyofuata tuyaseme kwa ufupi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu iliivunja mikataba yote, na mashamba ya mafuta yakarudi kwa taifa. Sinclair, aliyekataa kujibu baadhi ya maswali ya Seneti na tena akapatikana ameiingilia kazi ya wazee wa baraza katika kesi yake, alifungwa mwaka 1929. Mwaka huo huo Fall alihukumiwa kwa kosa la kupokea rushwa, na mwaka 1931 akaingia gerezani. Hakuna waziri wa Marekani kabla yake aliyepata kufungwa kwa kosa alilolitenda katika uwaziri wake. Lakini Doheny, aliyeshitakiwa kwa kuitoa rushwa ile ile, mahakama ilimwachilia mwaka 1930. Hapo twaona tofauti iliyo kubwa: baraza huuliza na kufunua, lakini kuhukumu ni kazi ya mahakama, nayo mahakama yaweza kuona vingine.

Wasikilizaji wetu, kisa hicho kina mkono wa pili, nao labda una uzito kuliko wa kwanza. Halmashauri nyingine ya Seneti ilikuwa ikimchunguza mwanasheria mkuu wa serikali, Harry Daugherty, ambaye watu walilalamika kwamba hakuwashitaki wakosaji waliopaswa kushitakiwa. Halmashauri ilimpelekea samansi ndugu yake, Mally Daugherty, mkubwa wa benki katika Ohio, aje na vitabu vya benki yake. Hakuja. Seneti ikamtuma ofisa wake, John McGrain, amkamate. Mally Daugherty akaenda mahakamani, akasema kwamba Seneti haina mamlaka ya kumlazimisha mtu wa kawaida. Kazi yake ni kutunga sheria tu. Hakimu wa kwanza alimkubalia, akamfungua.

Jambo likapanda mpaka Mahakama ya Juu, na tarehe 17 Januari 1927 mahakama hiyo ikatoa hukumu yake. Ilisema kwamba baraza haliwezi kutunga sheria kwa hekima pasipo kuzijua hali ambazo sheria hiyo itazigusa. Kwamba mara nyingi habari hizo hazimo mikononi mwa baraza, bali mikononi mwa wengine. Na kwamba kuomba tu hakutoshi, kwa maana wako wasiotoa wakiombwa. Kwa hiyo uwezo wa kuuliza, pamoja na uwezo wa kulazimisha jibu, ni sehemu ya kazi yenyewe ya kutunga sheria, ijapokuwa katiba haikuutaja. Tangu siku hiyo hukumu hiyo imekuwa nguzo ya uchunguzi wote wa Congress.

Nguzo hiyo ilitegemewa tena mwaka 1973, Seneti ilipochunguza habari za watu walioingia kwa kuvunja katika ofisi za chama cha upinzani, katika jumba liitwalo Watergate, mwezi wa Juni mwaka 1972. Azimio la kuunda halmashauri lilipata kura 77, wala hapakuwa na hata moja ya kupinga. Tarehe 16 Julai 1973 shahidi mmoja, Alexander Butterfield, alipoulizwa alijibu kwamba mazungumzo ya ofisini kwa rais hunaswa katika kanda kwa mitambo. Swali moja na jibu moja likageuza mambo yote. Rais Richard Nixon alikataa kuzitoa kanda. Mwezi wa Julai mwaka 1974 Mahakama ya Juu ikamwamuru azitoe kwa mwendesha mashitaka, na tarehe 9 Agosti akaacha urais. Hata hivyo ile halmashauri ya Seneti yenyewe, ilipozidai kanda mahakamani, haikufanikiwa. Basi si kila mara baraza hupata litakalo. Rais naye ana siri ambazo sheria huzilinda, na mahakama husimama katikati.

Tuliahidi kutaja mipaka. Mwaka 1881 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Baraza la Wawakilishi lilikosa kumfunga gerezani siku 45 mtu mmoja, Hallet Kilbourn, kwa kukataa kueleza mambo ya biashara yake ambayo baraza halikuwa na haja nayo katika kutunga sheria. Tena, kati ya mwaka 1950 na 1954, Seneta Joseph McCarthy aliutumia uchunguzi kuwa fimbo. Aliwaita makarani, walimu na askari, akawatuhumu hadharani kuwa ni wafuasi wa ukomunisti, mara nyingi pasipo ushahidi wa kutosha, na wengi walipoteza kazi zao na heshima yao. Mwisho Seneti yenyewe ilimkemea, mwezi wa Desemba mwaka 1954, kwa kura 67 dhidi ya 22. Na mwaka 1957 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba hakuna haki ya kumfichua mtu kwa ajili ya kumfichua tu; lazima swali liwe na uhusiano na kazi ya baraza, na shahidi aelezwe uhusiano huo.

Huenda mmoja wenu akasema: hayo ni mambo ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Katiba ya Tanzania yalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi. Na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yazipa nyumba zote mbili za Bunge, na kamati zake, uwezo wa kumwita mtu yeyote aje kutoa ushahidi, kama uwezo wa Mahakama Kuu. Mwezi wa Novemba mwaka 2007 Bunge la Tanzania liliunda kamati teule ya wabunge watano, mwenyekiti wao Harrison Mwakyembe, ichunguze mkataba wa umeme wa dharura uliopewa kampuni ya Richmond mwaka 2006, wakati ukame ulipopunguza maji ya mabwawa. Taarifa iliposomwa Dodoma, Februari mwaka 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, na mawaziri wawili pamoja naye. Naye alilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twasema tu kwamba malalamiko hayo yanatukumbusha kanuni ya kale, ya kwamba anayetajwa asikilizwe kabla ya kutajwa. Uchunguzi usiofuata kanuni hiyo hujitia ila wenyewe, hata ukiwa umegundua kweli.

Basi, kwa kumaliza, na tukusanye mambo matatu. La kwanza: haki ya kuuliza si uadui kwa serikali. Serikali iliyo safi haipungukiwi na kitu ikiulizwa, na ofisa mwaminifu hupata ngao, kama alivyoipata Jenerali St. Clair. La pili: haki hiyo haina faida mikononi mwa mvivu. Kilichomwangusha Fall si hotuba kali. Ni miezi 18 ya kusoma hati, na safari ya gari la moshi kwenda kuuliza swali moja. Mjumbe asiyesoma taarifa ya mkaguzi hawezi kuuliza swali lenye meno. La tatu: mwanzo wa uchunguzi mara nyingi ni raia. Mafuta ya Teapot Dome yalirudi kwa wenyewe, na moja ya mambo yaliyoianzisha safari hiyo ni barua ya mwenyeji wa Wyoming kwa mjumbe wake. Kwa hiyo ninyi mjuao kusoma na kuandika, mkiona mali ya wote inatumiwa kwa njia msiyoifahamu, msinong'one barazani tu. Andikeni kwa adabu, tajeni mahali, siku na kiasi, mkampelekee mjumbe wenu, kisha mwulizeni amepata jibu gani. Kuuliza si ujinga. Nalo baraza lililonyamaza huanza kwa raia walionyamaza.